Mdoli wa Mtoto Usioingia Kwenye Mashine: Namna ya Kuusafisha Bila Kuuvundisha

Mimi ni fundi cherehani. Kati ya sketi za kupunguza na zipu za kubadilisha, huwa naletewa midoli ya watoto iliyovunda, na karibu wote wanaoileta wameanzia mahali pamoja: kwenye beseni.

Mtoto ametapikia dubu wake, au ameburuza sungura uwanjani mpaka akageuka rangi ya udongo. Mama anaona kibandiko kinakataza mashine, anasema basi nitafua kwa mkono. Analowesha, anasugua, anakamua, anaanika kambani kwa masikio. Siku ya tatu manyoya ni makavu, mdoli unarudi kitandani. Siku ya tano chumba kinanuka tambara la deki.

Nami nilipita humo humo. Sungura wa kijana wangu nilimfua mwezi wa nne, masika imekolea, nikamwanika kibarazani siku nne nzima. Mama mkwe akaja kututembelea, akampakata mjukuu pamoja na sungura wake, akanusa mara moja tu. "Mwanangu," akaniambia kwa upole ule unaouma, "huyu hukumfua. Huyu umemvundika." Nilipofumua mgongo nikakuta matonge ya kijivu yenye vidoa vyeusi vya kuvu, na katikati bado maji.

Mashine ina ubaya wake, lakini ubaya mkubwa ni maji yaliyoingia tumboni yakakosa njia ya kutokea. Kwa hiyo hapa tunasafisha ngozi ya mdoli kwa povu, tumbo linabaki kavu. Kama tumbo limeshalowa kwa mkojo, matapishi au kwa beseni lako mwenyewe, soma hatua ya 1 hadi ya 3 kisha ruka hadi sehemu ya kufumua.

## Vifaa

Viweke vyote mezani kabla hujaanza. Ukishalowesha manyoya huna muda wa kutafuta mswaki.

- Sabuni ya maji isiyo na manukato makali. Ya kuogeshea mtoto inafaa kwa manyoya, ya vyombo kwa madoa ya mafuta.
- Bakuli 2: moja la povu, moja la maji safi.
- Maji baridi ya bomba, na mengine ya uvuguvugu. Kama kwenu mnatumia maji ya kisima yenye chumvi, chukua ya mvua au ya kunywa. Maji ya chumvi hayatoi povu la maana na huacha ukoko mweupe kwenye manyoya.
- Mswaki mpya wenye nywele laini.
- Vitambaa vyeupe vya pamba, visivyopungua 4. Fulana iliyochakaa ukiikata inatosha.
- Taulo 2 kavu.
- Magadi soda, yaani ule unga mweupe laini unaotiwa kwenye keki. Magadi ya mawe tunayowekea makande ni makali mno kwa kazi hii.
- Siki nyeupe kidogo.
- Kitana chenye meno mapana.
- Feni, na kipande cha pazia la neti.
- Sindano, uzi imara wa polista na mkasi mdogo wenye ncha.

Vitu vifuatavyo visikaribie. Jiki, kwanza kwa sababu inaharibu rangi, pili kwa sababu ikikutana na mkojo hutoa gesi inayochoma macho na kifua, na ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini. Sabuni ya unga, maana imetengenezwa isuuzwe kwa maji mengi na sisi hapa hatusuuzi kwa maji mengi. Itakayobaki itaishia mdomoni mwa mtoto. Poda ya mtoto nayo iache: ikiguswa na maji inakuwa uji, na ikirushwa mtoto anaivuta puani. Pasi usiiwashe kabisa, manyoya ya midoli mengi ni polista na yanayeyuka.

## Hatua ya 1: Jua tumbo limejaa nini

Funga macho, bonyeza mdoli kwa vidole kuanzia kichwani hadi miguuni. Unataka kujua ni kitu gani kinachokaa mle ndani, kwa sababu hicho ndicho kinachoamua uwe mwoga wa maji kiasi gani.

Kinachobonyea na kurudi haraka ni nyuzi za polista, zile zilizomo kwenye mito mingi ya dukani. Hizi ndizo zenye huruma. Zikilowa kidogo zinakauka.

Ukihisi vipande vipande vinavyorudi polepole, hiyo ni sponji ya magodoro iliyokatwakatwa. Inanyonya maji na hairudishi. Kuwa mchoyo wa maji.

Midoli ya kushona hapa hapa kwetu, hasa ya vitenge, mara nyingine hujazwa sufi. Sufi ina nta yake ya asili na haipendi maji, ndiyo maana zamani ilijazwa hata kwenye majaketi ya kuokolea watu majini. Lakini maji ya sabuni yakiifikia, inashikana matonge na haikunjuki tena.

Kinachomwagika kama mchanga kwenye matako na miguu ni chembe za plastiki. Hizo hazidhuriki kwa maji, ila zikitoka nje ni hatari ya kumezwa au kumkaba mtoto. Usifumue sehemu hiyo kama hakuna ulazima.

Kama kuna kitu kigumu, hicho ni kisanduku cha sauti au cha taa, na ndani yake kuna betri.

Soma na kibandiko kama bado kipo. Beseni lililochorwa alama ya X juu yake maana yake usifue. Beseni lenye mkono maana yake fua kwa mkono. Midoli ya mtumba, ile unayookota kwenye fungu pale soko la Karume, Dar es Salaam, kibandiko kimekatwa au kiko kwa lugha usiyoijua. Kwa hiyo fuata vidole vyako.

## Hatua ya 2: Kagua macho, mishono na betri

Kusafisha ni kusugua, na kusugua kunamalizia kilichokuwa kimeshalegea. Vuta kila jicho, pua na kifungo kwa nguvu, kwa vidole viwili, kama mtoto mwenye hasira. Kinachocheza, king'oe sasa hivi.

Kwa mtoto wa chini ya miaka 3, chochote kinachopenya kwenye kile kibomba cha karatasi kilicho katikati ya karatasi ya chooni kinaweza kumkaba. Macho ya plastiki ya midoli mingi yanapenya bila shida. Mimi nikiyang'oa siyarudishi: nadarizi macho kwa uzi mweusi. Siku ya kwanza mtoto atashangaa, ya pili atakuwa amezoea.

Betri itoe kabla ya tone la kwanza la maji. Ikiwa ni ile bapa ya duara mfano wa sarafu, iweke juu kabisa mahali mtoto hafiki, na hakikisha kifuniko chake kina skrubu iliyokaza. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kuunguza koo ndani ya saa 2. Akimeza, usimtapishe wala usingoje dalili, mkimbize hospitali.

Kisanduku cha sauti kisichotoka usikilazimishe. Funga eneo hilo kwa plastiki na mpira, na usilipitishie povu.

## Hatua ya 3: Chagua siku, na agana na mtoto

Anza saa 2 asubuhi, siku ya jua au ya upepo. Ukianza baada ya adhuhuri, usiku utakukuta na mdoli mbichi na mtoto anayelia mlangoni. Pwani wakati wa masika, usianze kabisa kama hamna feni au umeme wenu ni wa kubahatisha. Vumilia uchafu siku mbili tatu, uchafu mkavu hauvundi.

Usiuchukue mdoli kimyakimya. Mwambie mtoto, "Dubu anakwenda kuoga, atalala juani, jioni anarudi." Mpe kazi: ashike taulo, amuage. Niliwahi kumnyakua sungura mtoto akiwa usingizini, nikajuta. Alipoamka alimtafuta chini ya kila kiti na jioni hakutaka kunishika mkono.

## Hatua ya 4: Toa vumbi kabla ya maji

Toka nje, upepo ukiwa mgongoni kwako, mkung'ute mdoli kama unavyokung'uta mkeka. Kisha piga mswaki mkavu manyoya yote, kuelekea yanakolala na kinyume chake. Vumbi likikutana na maji linakuwa tope, na tope linaingia ndani zaidi.

Kama mdoli una harufu ya jasho au mate, nyunyiza vijiko 2 vya chakula vya magadi soda, paka kwa mkono mpaka yafike kwenye ngozi, acha nusu saa, kisha piga mswaki na kung'uta hadi unga uishe. Mtoto asiwe karibu. Wenye mashine ya kufyonza vumbi, vesha mdomo wake soksi nyembamba ili isifyonze na macho.

Umefanikiwa ukikung'uta juu ya kitambaa cheusi na hakuna kinachodondoka.

## Hatua ya 5: Jaribu rangi

Chovya ncha ya kitambaa cheupe kwenye maji ya sabuni, kandamiza kwapani mwa mdoli kwa dakika 1. Kitambaa kikitoka na rangi, tumia maji baridi tupu kwa sehemu hiyo na usiache rangi mbili zilowe kwa pamoja. Midoli ya kitenge huvuja, na mwekundu huvuja kuliko wote.

## Hatua ya 6: Madoa kwanza, moja moja

Ukipitisha povu mwili mzima kabla ya kushughulikia doa, unalisambaza. Sheria ni mbili: gonga kwa kitambaa, usisugue, na toka ukingoni mwa doa kuja katikati.

Maziwa, damu na matapishi yaliyobaki juu ya manyoya: maji baridi tu mwanzoni. Maji ya moto yanayapika kama yai na doa linashika moja kwa moja.

Mafuta na siagi ya karanga: kwangua kwa kijiko, weka tone moja la sabuni ya vyombo bila maji, subiri dakika 5, ndipo ufute kwa kitambaa chenye maji.

Udongo: uache ukauke kabisa, kisha mswaki. Watu wengi wanakimbilia maji hapa na wanajiongezea kazi.

Bigijii iliyonasa: kandamiza barafu iliyofungwa kwenye mfuko mpaka igande iwe ngumu, kisha ivunje kwa kucha. Inayobaki kata na manyoya yake.

Wino wa kalamu: spiriti kidogo kwenye pamba, gonga, badilisha pamba kila inapobeba rangi. Fanyia dirishani, mbali na jiko, na mtoto asipewe mdoli mpaka harufu iishe kabisa.

Ubuyu wa rangi, nakuambia ukweli, utapungua lakini hautaisha. Maji baridi na sabuni ya vyombo, kisha siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, iache dakika 10, rudia mara mbili. Ikibaki alama ya waridi, iache. Wapo waliolazimisha wakaniletea dubu mwenye upara shavuni.

## Hatua ya 7: Povu, si maji

Hapa ndipo kazi yenyewe. Weka kijiko 1 cha chai cha sabuni kwenye vikombe 2 vya maji ya uvuguvugu, piga kwa mchapio wa mayai au kamua sponji mara nyingi hadi povu lisimame kama la maziwa yaliyochemka. Maji yaliyo chini hatuyahitaji.

Chota povu peke yake kwa mswaki, kung'uta mara moja, kisha sugua sehemu yenye ukubwa wa kiganja. Duara ndogo ndogo, mkono mwepesi. Zunguka mwili kwa mpangilio: uso, masikio, mikono, tumbo, mgongo, miguu. Usirukeruke, utasahau kwapa na shingo, na shingo ndiko mtoto anakoshikia.

Kila baada ya sehemu moja, bonyeza kwa kidole. Ukihisi ubaridi unapenya ndani ya ngozi, umezidisha. Simama, kandamiza taulo kavu, endelea na povu kidogo zaidi.

Povu likigeuka kijivu bakulini, limwage utengeneze jipya. Sungura wa kijana wangu, mara ya kwanza niliyomsafisha hivi, alikula mabakuli 4.

## Hatua ya 8: Futa sabuni mpaka iishe

Chovya kitambaa cheupe kwenye maji safi, kikamue kwa nguvu zako zote, halafu mpe mwingine mwenye nguvu kuliko wewe akikamue tena. Futa manyoya kufuata yanakolala. Suuza kitambaa, kamua, rudia. Mara 4 ndiyo kawaida yangu, na usoni mara 5 kwa sababu mtoto ananyonya pua na masikio.

Usifupishe hapa. Sabuni iliyobaki inafanya manyoya yakakamae, inanasa vumbi upya, na kwa mtoto mwenye ngozi nyepesi inaweza kumwasha. Umemaliza pale kitambaa kinapotoka safi na ukisugua manyoya kwa vidole vilivyolowa hayatelezi.

## Hatua ya 9: Kausha tumbo, manyoya yatajikausha

Funga mdoli kwenye taulo, ubonyeze kwa viganja vyote viwili, badilisha taulo, bonyeza tena. Usikamue kwa kupinda. Mishono inakatika na ujazo unahama, kichwa kinabaki kimelegea.

Usiuning'inize kwa masikio wala mkono. Maji yaliyobaki yanashuka na kutuama sehemu moja, na masikio yanarefuka. Ulaze juu ya kitu kinachopitisha hewa chini na juu: ungo, tenga la vyombo, au kiti cha kamba. Ugeuze kila nusu saa.

Jua la asubuhi kwa muda wa saa 1 au 2 linatosha, likizidi linapausha rangi. Kisha uhamishie ndani mbele ya feni. Ukitumia mashine ya kukaushia nywele iwe kwenye upepo wa baridi, kwa umbali wa mkono.

Sasa ile neti. Kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, hasa zilizoanikwa kivulini au chini, na funza wake huingia kwenye ngozi ya mtu na kuota kama jipu. Ndiyo sababu wazee wetu wanasisitiza nguo zipigwe pasi hata za ndani. Mdoli haupigwi pasi, kwa hiyo ukiwa nje funika kwa neti isiyogusa manyoya. Chandarua chenye dawa usikitumie, mdoli unakwenda mdomoni.

Na utajuaje umekauka? Manyoya yanadanganya. Uweke ndani ya chombo cha plastiki kinachoonyesha chenye mfuniko, au ule mfuko mzito uliokuja na shuka mpya, ufunge, uache juani saa 1. Chombo kikitoka jasho kwa ndani, bado. Kikibaki kikavu, kandamiza pua yako mgongoni na uvute pumzi: isisikike harufu yoyote. Kwangu, mdoli mdogo wa polista huchukua saa 6 hadi 8 mbele ya feni. Wa sponji huingia siku ya pili.

Ukishindwa jaribio hili jioni, usimpe mtoto. Mpe kanga yako alale nayo.

## Hatua ya 10: Chana, na rudisha harufu

Chana kwa kitana kuanzia nchani kwenda kwenye shina, kama nywele za mtoto. Manyoya yaliyoshikana, yapulizie mvuke wa mbali wa chai yako kisha chana. Rudisha betri, kaza skrubu.

Wapo watoto wanaoukataa mdoli uliosafishwa. Kwao huyo ni mgeni, hana harufu ya nyumbani. Ufunge kwenye kanga uliyoivaa mchana kutwa, uache saa chache, ndipo umkabidhi.

## Tumbo likiwa limeshalowa: kufumua

Povu halifiki kwenye mkojo uliozama, wala matapishi yaliyopita mshono. Kwa haya, na kwa mdoli wowote wenye harufu ya kuvunda, dawa ni moja: fungua, toa, safisha, jaza, shona. Ni kazi ya saa 2 za mkono na siku moja au mbili za kukausha. Mwenye kushona kifungo anaiweza.

Piga picha mdoli mbele, nyuma na ubavuni. Utahitaji kukumbuka unene wake.

Tafuta mshono wa mwisho wa kiwandani. Pitisha kidole mgongoni na chini ya matako. Kuna mahali mshono una kauvimbe na nyuzi zake hazilingani na nyingine. Hapo ndipo mdoli ulipofungwa kwa mkono, na hapo ndipo pa kufungua bila kuacha kovu. Kata nyuzi tu, usikate kitambaa, upate tundu la sentimita 8 hadi 10.

Toa ujazo kidogo kidogo. Wa kichwa uweke kwenye foronya yake, wa mwili kwenye nyingine. Toa kisanduku cha sauti. Ukikuta chembe za plastiki kwenye kifuko chao, kitoe kizima.

Nyuzi za polista ambazo hazina kuvu zinafulika: funga foronya kwa kamba, loweka kwenye maji ya sabuni kwa dakika 20, suuza hadi maji yawe meupe, kamua, kisha zitawanye juani ukizichambua kwa vidole kama pamba. Sponji, sufi, matambara na chochote chenye vidoa vyeusi, tupa. Usione huruma. Nunua mto mpya wa nyuzi, upasue. Robo kilo inamtosha dubu wa sentimita 30 na kubaki. Mto wa mtumba usiutumie, hujui ulilaliwa na nani.

Ngozi iliyobaki tupu, sasa unaweza kuifua. Igeuze nje ndani, maji ya uvuguvugu, sabuni ya mtoto, sugua mishono, suuza mpaka povu liishe. Yenye mkojo, maji ya mwisho yatie siki nusu kikombe kwa lita 2, kisha suuza tena. Ianike ikiwa bado imegeuzwa, ikikauka igeuze na upande wa pili ukauke pia. Karatasi nyembamba ya chooni ikandamizwe kwenye mishono: ikitoka na unyevu, subiri.

Kujaza anza mbali: vidole, miguu, mikono, kichwa, tumbo mwisho. Vibonge vidogo, ukisukuma kwa mpini wa mwiko. Bonge kubwa moja linafanya uvimbe ambao hautaulainisha tena. Linganisha na picha.

Kufunga, tumia uzi wa polista uliokunjwa mara mbili. Kingo zikunje ndani. Ingiza sindano kwenye mkunjo wa kushoto, itembee ndani yake milimita 3 au 4, itoke. Vuka moja kwa moja kulia, fanya vivyo hivyo. Kila baada ya mishono 5 vuta uzi, kingo zitabusiana na uzi utapotea. Malizia kwa fundo 2, kisha zamisha sindano tumboni, itokee mbali, kata uzi hapo.

Jaribu mshono kwa kuuvuta kwa mikono miwili. Ukiona uzi unachungulia, fumua urudie. Pini na sindano zihesabu kabla na baada. Mimi huanza na pini 6 kwenye kisahani na sigusi kitu kingine mpaka zirudi 6.

## Wadudu wana masharti yao

Nyumba ikiwa na upele, povu halitoshi. Wadudu wa upele hawaishi zaidi ya siku chache mbali na mwili, kwa hiyo funga mdoli kwenye mfuko usiopitisha hewa kwa wiki 1. Chawa wa kichwani, wiki 2. Mfuko uwe juu, mtoto asiufikie.

Kunguni hawafi kwa mfuko, wanaweza kukaa miezi bila kula. Hao wanataka friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku 4 mfululizo, mdoli ukiwa mkavu na umefungwa. Ukikatika umeme, hesabu inaanza upya.

Friza hiyo hiyo inasaidia watoto wenye pumu, kwa saa 24 au zaidi, kwani inaua wadudu wa vumbi. Ila mabaki yao ndiyo yanayosumbua kifua, kwa hiyo baada ya friza rudia hatua ya 4 ukiwa nje.

## Mdoli wa kustaafisha

Uso ufute kila wiki kwa kitambaa kilichokamuliwa, hatua zote 10 zifanye ukiona manyoya yameanza kushikana. Ukipata mdoli pacha wake, ununue na uwazungushe kabla mtoto hajawatambua.

Kitambaa kikianza kuchanika kama karatasi kila ukitia sindano, au kuvu ikiwa imeingia kwenye ngozi yenyewe na siyo ujazo tu, usinilipe nishone. Kama ngozi ni nzima isipokuwa imechoka, kata sikio moja au kile kibandiko anachopenda kukisugua akisinzia, lifue peke yake, likaushe, na ulishonee ndani ya mkono wa mdoli mpya kwa ule ule mshono wa kujificha. Wa kwangu alilipata usiku wa kwanza, gizani, bila kuonyeshwa.